Ripoti Inayovuka Julai

Mwaka wa fedha wa Uganda huanza tarehe 1 Julai, na kwa kampuni nyingi za Nakawa, Kampala, hiyo ndiyo siku ripoti za kompyuta zinapoanza kusema uongo. Hakuna kinachozimika. Dashibodi ya mkurugenzi inawaka kama kawaida, grafu zinapanda na kushuka, lakini hesabu iliyo nyuma yake ni ya sheria ya jana. Kiwango fulani cha kodi kimeguswa, bidhaa moja imetoka kwenye orodha ya msamaha, taasisi iliyokuwa mteja mkubwa imefutwa, na mfumo haujaambiwa. Mhasibu hugundua katikati ya Agosti, anapojaza ritani ya VAT ya Julai ambayo lazima iwe imefika Mamlaka ya Mapato, URA, kufikia tarehe 15. Kufikia hapo bei zimeshapangwa, maagizo yameshatolewa na bonasi za wauzaji zimeshalipwa kwa namba zisizo sahihi.

Nakawa ni mahali pazuri pa kulitazama tatizo hili. Ukishuka Barabara ya Jinja unakutana na viwanda, maghala, yadi za magari na soko, halafu jengo la ghorofa 22 la URA, ambako mabadiliko mengi ya kodi hupata utekelezaji. Hapo hapo kuna MUBS, chuo cha biashara chini ya Makerere, na chuo cha taifa cha TEHAMA kwenye Barabara ya Port Bell, ambako vijana wengi wanaojenga mifumo hii wamesomea. Kwa hiyo ujuzi upo na sheria iko jirani. Kinachopungua ni mpangilio.

Ninaposema mfumo wa ripoti, nazungumzia ule unaochukua data kutoka kwenye programu ya mauzo, ya uhasibu na ya stoo, ukaiweka mahali pamoja, kisha ukamwonyesha mkubwa nini kinauzwa, wapi, kwa faida gani, na nani anadaiwa. Mahitaji yanapobadilika, wauzaji wa programu hushauri ununue mpya. Mara nyingi huna haja. Unachohitaji ni kutenganisha vitu viwili vilivyochanganywa siku mfumo ulipojengwa: mambo yaliyotokea, na kanuni za kuyahesabu. Kreti 40 za soda zilitoka getini tarehe 28 Juni. Hilo limetokea na halibadiliki tena. Kodi yake, kundi lake, eneo la mteja, jina la mteja na fungu lake la faida ni kanuni, na kanuni zitabadilika tu, upende usipende.

Zitoe namba kwenye fomula

Anza na kodi, maana ndiyo inayoumiza haraka. VAT ilipoingia Uganda mwaka 1996 ilikuwa asilimia 17. Mwaka 2005 ikapanda hadi 18 na haijasogea tangu hapo. Miaka yote hiyo ya utulivu imewafanya wajenzi wa mifumo waiandike 18 moja kwa moja ndani ya fomula, kana kwamba imeandikwa kwenye mwamba. Kumbe kinachohama si kile kiwango. Kinachohama ni orodha: bidhaa gani inatozwa asilimia 18, ipi inatozwa sifuri, ipi imesamehewa. Orodha hizo huguswa karibu kila bajeti, na fomula yenye 18 ndani yake haina macho ya kuona hivyo.

Mwaka 2018 ulitoa somo kali zaidi. Tarehe 1 Julai ilianza kodi ya asilimia 1 kwenye miamala ya pesa za simu. Watu walipiga kelele, hoja ikarudi Bungeni, na kabla ya mwaka kwisha kodi ikawa asilimia 0.5 na inatozwa kwenye kutoa pesa tu. Angalia vizuri kilichobadilika: kiwango kimoja, na pia kitu kinachotozwa. Siku ile ile ya Julai 2018 ilianza kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku kwa kila mtumiaji. Julai 2021 ikaondolewa na mahali pake pakaja asilimia 12 kwenye bando za intaneti. Kampuni inayowalipia wauzaji wake simu iliona gharama hiyo hiyo ikitoka kwenye kiasi cha kila siku na kuwa asilimia ya bei. Mfumo uliokuwa na nafasi ya kuandika namba moja tu ya kodi usingeweza kulibeba badiliko hilo hata ukibadilishiwa namba.

Kwa hiyo tengeneza jedwali moja la viwango, nje ya ripoti zote. Kila mstari ubebe jina la kodi au ada, inatozwa juu ya nini, ni asilimia au ni kiasi, ni ngapi, imeanza tarehe gani, imeisha tarehe gani, sheria iliyoileta, na aliyeuingiza mstari huo. Kiwango kinapobadilika, usifute mstari wa zamani. Ufunge kwa tarehe ya mwisho, kisha ongeza mpya. Ripoti itafute kiwango kwa tarehe ya muamala, kamwe isitumie tarehe ya kuchapishwa kwa ripoti. Bidhaa iliyouzwa tarehe 28 Juni ikarudishwa tarehe 5 Julai, hati yake ya kurudisha fedha ifuate ankara ya awali, na kiwango chake kiwe kile cha tarehe 28 Juni.

Kipimo cha kujua kama umefaulu ni rahisi. Chapisha ripoti ya Juni ukiwa mwezi Agosti, uilinganishe na ile uliyoichapisha mwanzoni mwa Julai. Ikiwa imesogea hata shilingi moja bila mtu kurekebisha ankara yoyote, ipo kanuni imejificha mahali. Itafute. Mara nyingi utaikuta kwenye karatasi ya Excel ya mtu aliyeacha kazi.

Mbinu hii si ya kodi tu. Kamisheni za wauzaji, punguzo la bei kwa wateja wa jumla, kiwango cha dola unachokitumia kuthamini mzigo uliopitia Mombasa, nauli ya lori kwenda Gulu, yote haya yanastahili jedwali lenye tarehe. Ukishamaliza kodi utayaona yanakuita yenyewe.

Mteja hafi jina lake linapokufa

Kwa miaka mingi makao makuu ya Mamlaka ya Taifa ya Barabara, UNRA, yalikuwa Nakawa, kwenye majengo ya ofisi karibu na Barabara ya Port Bell. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2006 na kuanza kazi 2008. Mwishoni mwa 2024, serikali ilipokuwa ikipunguza idadi ya mashirika yake, UNRA ilifutwa na kazi zake zikarudi Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Fikiria sasa kampuni inayouza dizeli, kokoto au vipuri vya mitambo, ambayo UNRA ilikuwa mteja wake mkubwa. Katika ripoti ya madeni, UNRA inabaki na madeni yanayozeeka bila mtu wa kuyalipa. Wizara nayo inaonekana kama mteja mpya asiye na doa, asiyewahi kuchelewa. Meneja wa mikopo akiitazama ripoti hiyo bila kujua historia, ataipa Wizara masharti mepesi kwa sababu ya usafi ambao si wake.

Umeme nao ulileta kioja chake. Mkataba wa miaka 20 wa kampuni ya Umeme uliisha tarehe 31 Machi 2025, na siku iliyofuata kampuni ya serikali, UEDCL, ikachukua usambazaji. Kiwanda chenye ripoti ya gharama kwa msambazaji kiliona mstari mmoja ukianguka hadi sifuri na mwingine ukichomoza kutoka ardhini. Mashine zilikuwa zile zile na bili ilikuwa ya umeme ule ule. Mkurugenzi anayetaka kujua kama matumizi ya umeme yanaongezeka hapati jibu kutoka kwenye grafu kama hiyo.

Dawa ni kumpa kila mteja na kila msambazaji namba yako mwenyewe, isiyo na maana yoyote ndani yake, isiyotokana na jina, wala mji, wala namba ya serikali. Jina liwe kitu kinachoning'inizwa kwenye namba hiyo kwa tarehe. Kisha uwe na jedwali dogo la urithi: nani amechukua nafasi ya nani, lini, na kwa namna gani. Namna ziko tatu. Mmoja amemrithi mwingine; wawili wameungana; mmoja amegawanyika. Mbili za kwanza ni nyepesi. Ya tatu ndiyo ngumu, kwa kuwa historia ya aliyegawanyika haina mwenyewe mmoja. Usiigawanye kwa kukisia kisha ukajifanya ni kweli. Iache chini ya jina la zamani, na kama mkubwa analazimisha ulinganisho, mpe makadirio yaliyoandikwa wazi kuwa ni makadirio. Gharama nazo zipange kwa matumizi, "umeme wa gridi", "maji", "mafuta ya jenereta", jina la anayekuletea bili likae ngazi ya chini.

Onyo moja kuhusu namba za serikali. Kampuni nyingi zimeifanya TIN, namba ya mlipakodi, ya mteja kuwa ndiyo ufunguo wa kumtambua kwenye mfumo mzima. Ilionekana busara: kila mlipakodi anayo na haifanani na ya mwingine. Lakini marekebisho ya sheria ya taratibu za kodi yaliyoanza Julai 2025 yameifanya namba ya kitambulisho cha taifa, NIN, itumike kama TIN kwa mtu binafsi, na kwa kampuni namba ya usajili wa biashara. TIN ya kawaida ina tarakimu 10. NIN ina herufi na tarakimu zinazofika 14. Safu uliyoiwekea sharti la "tarakimu kumi tu" itaikataa NIN, au, vibaya zaidi, programu itaikata na kuihifadhi nusu. Hifadhi namba za serikali kama maandishi, zipe tarehe, ruhusu mteja mmoja awe nazo zaidi ya moja, na usizifanye ufunguo.

Tena hapo kuna jambo la faragha ambalo wengi hawajaliona. Ripoti ya wadaiwa inayotumwa kwa wauzaji wote kwenye kundi la WhatsApp ilikuwa na TIN. Ikianza kubeba NIN, umesambaza namba za vitambulisho vya watu kwa kila mwenye simu. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha tangu 2019. Ifiche safu hiyo leo. Muuzaji wa Ntinda hahitaji NIN ya mwenye duka ili akadai deni.

Mipaka ya wakati ule au ya leo?

Hata Nakawa yenyewe haijatulia. Kama wilaya ndogo ya jiji ni moja kati ya tano za Kampala, pamoja na Kati, Kawempe, Makindye na Rubaga. Lakini kwenye uchaguzi wa 2021 iligawanywa majimbo mawili, Nakawa Mashariki na Nakawa Magharibi. Kampuni iliyokuwa imepanga wauzaji wake kwa majimbo ya uchaguzi ilibidi iamue. Nje ya Kampala mambo ni mazito zaidi: tarehe 1 Julai 2020 Arua, Gulu, Jinja, Mbarara, Fort Portal, Masaka na Mbale zilianza kuwa majiji, zikajitenga na wilaya zilizokuwa zimezizunguka. Duka la Mbarara halikuhama hata hatua moja, ila anwani yake ya kiutawala ilihama. Ukibadilisha tu neno "Wilaya ya Mbarara" kuwa "Jiji la Mbarara" kwenye kadi ya mteja, mauzo yake yote ya 2017 yatahamia jijini, mahali ambapo hapakuwa jiji. Ukimwacha wilayani, mauzo ya jiji yatapungua.

Ralph Kimball, Mmarekani ambaye kitabu chake cha mwaka 1996 kuhusu maghala ya data bado kinasomwa vyuoni, alilipa tatizo hili utaratibu: mteja awe na mstari mmoja kwa kila kipindi, wenye tarehe ya kuanza na kuisha, na kila ankara ifungwe kwenye mstari uliokuwa hai siku ile. Vijana wa Nakawa wanafundishwa utaratibu huo darasani, kisha wakiajiriwa wanaambiwa waharakishe, wanauacha. Usiwaruhusu wauache.

Ila kuna swali ambalo utaratibu hauwezi kumjibia mkubwa, lazima alijibu yeye: anataka historia kwa mipaka ya wakati ule au kwa mipaka ya leo? Anayeandaa ripoti kwa mkaguzi wa hesabu anataka ya wakati ule. Anayepanga magari ya usambazaji ya mwezi ujao anataka ya leo, na historia yote ipangwe upya kuendana nayo. Wote wawili wana haki. Mfumo ubebe safu mbili, "eneo siku ya mauzo" na "eneo la sasa", na kila ripoti iseme juu kabisa imetumia ipi. Nimeona mabishano ya saa nzima kwenye vikao yakiisha kwa mstari huo mmoja wa maandishi.

Ushauri wangu wa ziada: usipange wauzaji kwa mipaka ya kisiasa hata kidogo. Tengeneza kanda zako mwenyewe kwa barabara na vituo, kwa mfano Banda hadi Kyambogo, Bugolobi hadi Luzira, Naguru hadi Ntinda. Wabunge wakiongezwa, kanda zako hazitashtuka.

"Mauzo" ya nani?

Tangu tarehe 1 Januari 2021 wafanyabiashara waliosajiliwa VAT wanatakiwa kutoa ankara kupitia EFRIS, mfumo wa URA wa ankara na risiti za kielektroniki. Kila ankara hupata namba yake ya kifedha, namba ya uhakiki na mchoro wa kuskani. Kila bidhaa lazima iwe na msimbo wa kundi na kipimo chake. Wafanyabiashara hawakuupokea kwa vigelegele. Aprili 2024 wenye maduka wa Kampala walifunga milango kwa siku kadhaa, EFRIS ikiwa mbele kwenye orodha ya malalamiko yao. Sitaki kuingia kwenye ugomvi wa kodi hapa. Kwa mtunza ripoti, EFRIS imeleta kitu ambacho hakikuwepo: shahidi wa pili. Kila usiku linganisha idadi ya ankara na jumla ya fedha katika mfumo wako na zile zilizopokelewa EFRIS. Tofauti ziandikwe kwenye orodha, moja moja, na asubuhi mtu mmoja azifuatilie. Siku kanuni itakapobadilika bila wewe kujua, orodha hiyo itarefuka ghafla, na utakuwa umepata taarifa wiki sita kabla ya ritani.

Vipimo ndivyo vinavyowachanganya wengi. Msambazaji anauza kwa katoni, mwenye kibanda ananunua chupa. Katoni 10 za chupa 24 na chupa 12 za ziada ni chupa 252. Hifadhi 252, kipimo kidogo kabisa, kisha ripoti ijigeuzie kuwa katoni inapotakiwa. Mwenye kiwanda akiamua katoni iwe ya chupa 12, jedwali la ufungashaji lenye tarehe linapokea badiliko, na mauzo ya mwaka jana yanabaki salama. Asiyefanya hivyo ataona mauzo ya katoni yamepanda mara mbili, na atampa meneja wa mauzo bonasi.

Halafu kuna neno lenyewe, mauzo. Meneja wa mauzo anasema mwezi huu tumeuza milioni 118. Mhasibu anasema milioni 100. Mtunza stoo anasema namba tofauti na zote mbili. Hakuna mwongo. Wa kwanza amehesabu na VAT ndani yake. Wa pili ameiondoa. Na zikirudishwa bidhaa za milioni 4, kuna atakayesema 96. Mtunza stoo anahesabu kilichotoka getini mwezi huu, hata kama ankara yake iliandikwa mwezi uliopita. Mahitaji ya kampuni yanapobadilika, mkurugenzi mpya akija, benki ikitaka ripoti ya mkopo, mbia wa Nairobi akitaka namba za kila mwezi, kila mmoja atakuja na "mauzo" yake.

Andika ukurasa mmoja. Kila namba muhimu iwe na jina kamili, maana yake kwa Kiswahili au Kiingereza chepesi, inakotoka, na mtu mmoja mwenye dhamana nayo: mauzo ya ankara, mauzo bila VAT na marejesho, mauzo yaliyotoka getini. Kanuni ya ukurasa huo ni moja, na uwe mkali nayo: jina likishapewa maana, maana haibadilishwi. Mkubwa akitaka hesabu nyingine, ipewe jina jipya. Kampuni inayobadilisha maana ya "faida ghafi" kila meneja wa fedha anapobadilika haiwezi kulinganisha mwaka huu na mwaka jana, hata ingekuwa na programu ya bei ghali kuliko zote mjini.

Maombi yasiyokwisha

Mwaka 1958 Hans Peter Luhn wa IBM aliandika makala akipendekeza mfumo wa kusambaza habari ndani ya taasisi. Mashine ingeshika wasifu wa kila kitengo, kinahitaji kujua nini, na ingepeleka hati kwa anayezihitaji tu. Wengi huihesabu makala hiyo kama mwanzo wa taaluma hii ya ripoti za biashara. Cha ajabu ni kwamba sehemu tuliyoisahau zaidi ndiyo aliyoiweka katikati: nani anahitaji kujua nini, kwa kazi gani. Leo tunampelekea kila mtu kila kitu, halafu tunashangaa hakuna anayesoma.

Kwa hiyo mtu akija kuomba ripoti mpya, usimuulize anataka safu zipi. Muulize: namba hii ikishuka, kesho asubuhi utafanya nini? Akiwa na jibu, mjengee. Akikosa jibu, mpe karatasi ya Excel mara moja na usiiingize kwenye mfumo. Na kila robo mwaka angalia kumbukumbu za nani amefungua ripoti gani. Ile ambayo haijafunguliwa na mtu miezi mitatu, iondoe. Kila ripoti unayoibakiza ni kitu cha kurekebisha Julai.

Ukibadilisha chochote, kuwa na mwezi wa kipimo. Chagua mwezi mmoja ambao vitabu vyake vilishakaguliwa na kufungwa, hifadhi majibu yake, na kila baada ya badiliko endesha upya ripoti za mwezi huo. Zikitofautiana na zilizokaguliwa, badiliko halipiti. Mfumo mpya na wa zamani uendeshwe pamoja kwa mzunguko mmoja wa mwezi. Data ghafi kutoka kwenye mashine za mauzo ihifadhiwe kama ilivyokuja, bila kusafishwa, pembeni ya ile iliyosafishwa, maana siku moja utagundua usafishaji wenyewe ulikuwa na kosa. Na usibadilishe kitu siku tatu za mwisho wa mwezi. Sababu utaijua mwenyewe ukijaribu.

Kuhusu programu sina mengi. Excel inatosha kwa duka. Kampuni ya wafanyakazi mia inaweza kukaa vizuri na PostgreSQL, ambayo ni bure, na Power BI juu yake. Hakikisha tu kwamba majedwali ya viwango, majina na maeneo yako mahali ambapo mhasibu anaweza kuyafungua na kuongeza mstari bila kumwita mtaalamu, na kwamba watu wasiopungua wawili wanajua mfumo unavyofanya kazi. Kijana mmoja mwenye kipaji, asiyeandika chochote, ni hatari kubwa kuliko seva mbovu. Akipata kazi kwenye benki, utaanza moja.

Jambo la mwisho ni kalenda, na hapa sheria inakusaidia. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015, makadirio ya bajeti hufika Bungeni kufikia tarehe 1 Aprili, na miswada ya kodi huja nayo; Bunge linapaswa kumaliza kufikia tarehe 31 Mei. Hotuba ya Juni inayosikilizwa na watu redioni mara nyingi inatangaza mambo ambayo msomaji makini ameyajua tangu Aprili. Basi Aprili isome miswada, uingize mapendekezo kwenye jedwali la viwango yakiwa na alama ya "mswada". Mei, pitisha mauzo ya mwaka jana kwenye viwango hivyo uone bei na faida zingekuwaje. Juni, sahihisha kulingana na kilichopitishwa, na ondoa kilichokataliwa. Tarehe ya kuanza iwe 1 Julai ndani ya jedwali, na siku hiyo hakuna mtu atakayehitaji kugusa kompyuta.

Mwenye kampuni, mpe mhasibu wako na mtaalamu wako wa data siku mbili za Aprili wakae chumba kimoja na miswada hiyo, simu zao zikiwa nje.